Tupeane uzoefu: Uliyechagua kozi ya chuo kwa sababu ya mafuvu ya kale, uliishia wapi?

Mwanzisha uzi

Wakuu, habari za saa hizi. Mdogo wangu kamaliza kidato cha sita, HGL (historia, jiografia na lugha), na kang'ang'ania akiolojia. Nyumbani wanataka sheria. Kisa chake kilianza kwenye historia ya kidato cha kwanza, zile picha za viumbe waliopangwa mstari kuanzia aliyeinama hadi aliyesimama na mkuki. Wengi wetu tulikariri, tukafaulu, tukasahau. Yeye hakusahau. Sitaki "mwache afuate ndoto zake" wala "atakufa njaa". Waliopita njia hiyo waseme: mlisoma nini, mlikuta nini, na sasa mnakula wapi?

Mwiko na Brashi

Akiolojia, Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam). Ajiandae kwamba asili ya binadamu ni kipande tu cha kozi. Utasoma zama za chuma, vigae vya vyungu, miji ya pwani kama Kilwa, utunzaji wa makumbusho na sheria ya mambo ya kale. Mimi niliingia nikiwaza Zinjanthropus peke yake, yaani Zinj, lile fuvu la kale la bonde la Oldupai, mwaka wa kwanza nikashindia vigae.

Utamu uko fildi, ila ni utamu wa mtu mvumilivu. Unapewa mraba, mwiko wa fundi, brashi na chekeche. Unashuka sentimita chache, unapima, unachora, unachekecha udongo wote uliotoa, unaandika. Kesho hivyo hivyo. Jioni mkononi una vipande vya mawe meupe ambavyo mama yako angevifagia nje. Mtafiti Mary Leakey alifika Oldupai kwa mara ya kwanza 1935, na Zinj akaja kumwona Julai 1959. Piga hesabu mwenyewe.

Kuhusu kula: nafanya tathmini za urithi wa utamaduni kabla ya miradi mikubwa, yaani barabara, mabomba, mabwawa. Unatembea njia nzima ya mradi ukiangalia kama kuna makaburi, mahali pa matambiko au zana za mawe. Ni mikataba, si ajira ya kudumu. Kuna miezi ya neema na kuna miezi ya kukopa. Lakini watu wasiidharau kazi hii. Nyayo mpya za viumbe wa kale wa Laetoli, upande wa Ngorongoro, zilizotangazwa 2016 zilionekana kwenye tathmini ya namna hiyo, eneo lilipokuwa linakaguliwa kwa ajili ya ujenzi wa makumbusho, na waliozifukua ni wanaakiolojia wa Mlimani. Nyayo za miaka milioni 3.66. Siku ile habari ilipotoka sikufanya kazi nyingine yoyote, nilikuwa napiga simu tu kwa wenzangu wa darasa.

Shemeji wa Adamu

Nyie babu yenu nyani, mimi wangu alikuwa na bustani. Endeleeni.

Mwanzisha uzi

Karibu shemeji. Baba yetu ni mzee wa kanisa, hoja hiyo tumeshaila chakula cha jioni mara nyingi.

Tabaka la Majivu

Mimi swali lilikuwa hilo hilo, ila nilikuwa PCM (fizikia, kemia na hisabati), nikaingilia mlango wa jiolojia. Watu hawajui kwamba fuvu lenyewe halikwambii umri wake. Kinachopimwa ni majivu ya volkano yaliyo juu na chini yake. Louis Leakey, mumewe Mary, alikadiria Zinj ana miaka kama laki sita. Mwaka 1961 wakapima majivu kwa potasiamu na agoni, ikatoka milioni 1.75. Karibu mara tatu! Nilipofundishwa hilo darasani nikaona kumbe wenye neno la mwisho ni sisi wa mawe, wao wa mifupa wanasubiri majibu yetu.

Kwenye maisha, digrii yangu inalipwa na dhahabu. Niko mgodini kanda ya ziwa, asili ya binadamu nasoma usiku. Sijutii, ila nikiona wenzangu wanapanda gari kwenda bondeni nawaonea wivu.

Wa Kaloleni

Nawasalimu kutoka Kenya. Mimi ni wa Kilifi, nilisoma anthropolojia Nairobi. Nilichagua kabla ya ile habari ya pango la Panga ya Saidi, huku kwetu Kilifi, lakini ilipotoka 2021 hata nyanya yangu alielewa ninasomea nini. Mtoto wa miaka kama miwili na nusu hadi mitatu, alizikwa pangoni miaka 78,000 iliyopita, amelazwa kwa ubavu, magoti yamekunjwa, kichwa kinaonekana kiliwekewa kitu cha kukiegemeza. Wamemwita Mtoto. Nyanya alinyamaza kidogo, kisha akauliza nani aliwaruhusu kumtoa.

Swali zuri, kwa kweli. Mifupa ilikuwa laini kiasi kwamba walibeba bonge zima la udongo ndani ya plasta, likaenda Nairobi, halafu maabara ya Uhispania. Kwa hiyo ushauri wangu: mdogo wako asikae kwenye kuchimba tu. Ajifunze mifupa, ajifunze maabara na upigaji picha wa ndani ya mabaki. Wachimbaji tunao hodari tangu zamani. Kamoya Kimeu hakupita chuo chochote na ndiye aliyeiona mifupa ya kale ya yule kijana wa Turkana 1984. Wa maabara ndio wachache huku kwetu. Mimi nafundisha kwa muda na natafuta ufadhili wa uzamili, bado sijaupata.

Dereva Msomi

Akiolojia pia, sasa naongoza watalii Karatu na Ngorongoro. Wageni wanashangaa nikiwaambia nyayo halisi za Laetoli zimefukiwa ili zisiharibike, wanachokiona ni nakala. Bakshishi zinazidi mshahara wa wenzangu wengi wa ofisini, ila msimu wa mvua mfuko unakauka. Mwambie asome na Kifaransa au Kihispania, hilo hakuna mhadhiri atakayemwambia.

Mwanzisha uzi

Asanteni sana, nimemsomea yote. Anauliza: akichukua akiolojia sasa, anaweza kuhamia jiolojia baadaye?

Tabaka la Majivu

Kwa HGL, ngumu. Jiolojia inataka masomo ya sayansi kidato cha sita. Ila akiwa akiolojia achague kila somo la udongo na matabaka linalotolewa, uzamili anaweza kuegemea huko. Hisabati asiitupe.

Mwiko na Brashi

Na kama mko karibu na Iringa, mpelekeni Isimila kabla hajajaza fomu. Zana za mawe ziko wazi chini, mashoka ya mkono kibao. Akikaa juani saa tatu anayaangalia na hajaomba kurudi nyumbani, jazeni akiolojia.

Mwanzisha uzi

Tuko Mafinga. Jumamosi hii tunakwenda, na mzee kasema anakuja.