Waandaaji wa safari za maua Washington, acheni kutuuzia tarehe!

Wakuu, heshima kwenu. Nimevumilia nimeshindwa, leo naandika.

Kuna waandaaji wa safari hapa Ohio wanaokusanya watu wetu kwenda Washington kuangalia maua ya micheri (miti ya cherry). Mwaka 2024 walianza kupokea pesa Januari. Safari wakaiweka wikiendi ya Pasaka, 30 Machi, na kwenye tangazo wakaandika kwa herufi kubwa: MAUA YOTE YATAKUWA YAMECHANUA. Nani kawaambia? Januari miti ni matawi matupu, hata ua moja huoni!

Ile miti haifuati kalenda ya mtu. Mwaka 2014 maua yalifika kileleni, yaani mengi yamefunguka, 10 Aprili. Mwaka 2024 yakafika 17 Machi, hata tamasha la maua la kila mwaka lilikuwa halijafunguliwa. Kinachoamua ni joto na baridi ya wiki zilizotangulia, na Machi ya huku kila mtu anaijua: leo unatembea na fulana, kesho unafuta theluji kwenye kioo cha gari. Mwaka 2017 baridi kali ya katikati ya Machi iliunguza karibu nusu ya maua kabla hayajafunguka. Idara ya Hifadhi za Taifa, ambayo ndiyo inayoitunza miti hiyo, inasema wazi kwamba kutabiri kilele zaidi ya siku kumi kabla ni jambo lisilowezekana, au karibu na hapo. Wanaoyakagua machipukizi kwa macho yao wanasema hivyo, halafu mwenye basi la kukodi anakuhakikishia tangu Januari?

Na walijua. Kilele kilipotangazwa niliwapigia, nikaomba safari iwe wikiendi ya 23, maana maua yakishafika pale yanadumu siku chache, na mvua na upepo vikipiga ndiyo basi tena. Dada aliyepokea akanijibu, "Kaka, maua yapo tu, ondoa wasiwasi." Tarehe haikubadilishwa. Pesa nayo, hairudishwi.

Nilikuwa na mama yangu, amekuja kutoka Mwanza kututembelea, anakaribia kurudi. Mtu mzima yule kakaa kwenye basi usiku kucha, miguu imevimba. Tunafika Tidal Basin, lile bwawa lililozungukwa na miti hiyo, matawi yameshavaa majani mabichi. Petali zimejikusanya ukingoni mwa maji, zimegeuka kahawia, zinaelea pamoja na vikombe vya karatasi. Mama kajitanda kitenge juu ya koti, akaniuliza, "Mwanangu, maua ndiyo haya?"

Msiniambie hali ya hewa ni ya Mungu. Mvua ni ya Mungu, tangazo ni la kwenu. Mngeweza kutangaza wikiendi mbili au tatu, mkachukua kianzio kidogo, mkasubiri utabiri wa Machi ndipo mkamilishe. Hoteli zinazokubali kufuta nafasi zipo, zinazidi bei kidogo tu, na sisi tungelipa. Au semeni ukweli kwamba mnatupeleka kuona sanamu ya Lincoln na makumbusho, maua ni bahati. Tungewaelewa.

Sasa naona wameanza tena kukusanya pesa, tarehe moja, maneno yale yale. Msitume hata senti kabla hawajawaandikia kwamba mtarudishiwa. Na kama ulikuwa kwenye basi lile, jitokeze hapa au njoo PM. Nataka tupeleke dai moja la pamoja, risiti zangu zote ninazo.