Masaa matano kwa wiki: raundi nyingi, uwanja mmoja na daftari, au fimbo mpya?

mkwaju_wa_pili (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Nacheza gofu ya mtandaoni, World Golf Tour na nyingine za jamii hiyo: unaweka nguvu, mstari unakimbia kwenye kipimo, unabonyeza ukifika kwenye alama. Miezi minne sasa nimeganda. Kwenye mashimo 9 yenye kiwango (par) cha mikwaju 36 napiga 36 hadi 39, sishuki sipandi.

Nina masaa matano tu kwa wiki na nimepewa ushauri wa aina tatu usiopatana hata kidogo. Mmoja kaniambia nicheze raundi nyingi dhidi ya wanaonizidi, basi. Mwingine kasema nichague uwanja mmoja, nikae nao mwezi mzima na daftari mkononi. Wa tatu ananicheka, ati nalima na jembe butu, ninunue fimbo bora kwanza. Naomba aliyejaribu zaidi ya njia moja aseme ipi ilimsogeza.

fimbo_saba

Nimepita zote tatu, tena kwa mpangilio wa kijinga: nilianza kwa kununua. Draiva mpya, ile fimbo ndefu ya mkwaju wa kwanza, ikanipa kama yadi 20 za ziada. Raha! Wiki mbili baadaye nikagundua kwamba umbali wote niliokuwa nimeuzoea umevurugika. Mahali nilipokuwa nabakiza fimbo namba 7 kamili sasa nabakiza weji (fimbo ya mikwaju mifupi) ya nusu nguvu, na weji ya nusu nguvu sikuwa naijua.

Kuna na hili watu hawasemi. Gemu nyingi hukupandisha daraja wastani wako ukiwa mzuri, na daraja jipya huja na vituo vya kuanzia vilivyo mbali zaidi. Fimbo inaweza kukupandisha kabla mikono yako haijafika, ukabaki huko juu unapigwa kila siku.

Kama lazima utumie hela, anza na mpira. Ipo mipira inayopunguza kasi ya mstari kwenye kipimo, na kwa anayekosa alama kwa unywele hiyo inasaidia kuliko yadi 20. Ubaya wake inachakaa, kwa hiyo usiipige majini ovyo.

nipe_mechi

Raundi nyingi. Mwenye daftari anajua shimo, hajui mpinzani. Ukiwa peke yako hutajifunza kamwe ufanye nini mwenzako akishatua futi 3 kutoka shimoni na wewe uko yadi 140, maji mbele. Unavuka au unacheza salama? Jibu hilo halimo kwenye karatasi. Mimi nilitoka kwenye kuganda kwa kupigwa na watu wazuri kila jioni.

bi_grini

Kila mwamba ngoma huvutia kwake, ndugu yangu nipe_mechi, nami naivutia kwangu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mikwaju ni hivyo hivyo. Mwulize anayecheza raundi kumi kwa wiki wapi anapoteza. Atakutajia ule mkwaju mmoja ulioingia majini, kwa sababu ndio uliomuuma. Zile sita alizokosa kwa futi 2 hazikumbuki.

Mkwaju_wa_pili, faida ya uwanja mmoja ni kwamba unapunguza vinavyobadilika. Shimo lile lile, umbali ule ule, kinachobadilika ni upepo na mahali bendera ilipowekwa. Basi ukikosa unajua kilichokukosesha. Ukiruka kutoka St Andrews kwenda Pebble Beach kisha Bethpage Black ndani ya jioni moja, umecheza viwanja vitatu vizuri na hujajifunza hata kimoja.

Daftari langu lina mambo machache: umbali uliobaki, fimbo, nguvu niliyoweka, upepo, mpira ulipotua, ulipoishia. Hayo mawili ya mwisho usiyachanganye. Mpira uliotua pazuri ukabingirika futi 30 ni kosa la kuchagua mzunguko wa mpira au kutojua ugumu wa grini (ile nyasi fupi yenye shimo), si kosa la umbali.

Kwa upepo anza na kanuni ya wachezaji gofu wa uwanjani, kisha uirekebishe kwa gemu yako: upepo wa usoni ongeza asilimia 1 ya umbali kwa kila maili 1 kwa saa, wa mgongoni punguza nusu ya hiyo. Yadi 150 dhidi ya upepo wa maili 10, piga kama yadi 165. Upepo huo huo ukiwa mgongoni, piga kama 142 au 143. Wengi huongeza na kupunguza sawa kwa sawa, halafu wanashangaa kwa nini wakiwa na upepo wa mgongoni mpira unafia kabla ya grini. Upepo wa usoni huumiza kuliko wa mgongoni unavyosaidia. Wavuvi wa tanga wangetuambia bure hili la upepo wa omo na wa tezi, lakini nani anawauliza.

Kwa urefu wa ardhi, grini ikiwa juu ongeza yadi 1 kwa kila futi 3, ikiwa chini punguza vivyo hivyo. Hizi ni za kuanzia tu. Baada ya raundi nane hivi daftari litakuambia gemu yako inazidisha wapi.

takwimu_tu

Dada, daftari nakubali, ila watu wakishaambiwa wajipime hukimbilia kwenye grini. Mark Broadie wa Chuo Kikuu cha Columbia alichambua data za mikwaju ya wachezaji wa kulipwa. Karibu theluthi mbili ya tofauti kati ya walio bora na wa wastani inatokana na mikwaju ya zaidi ya yadi 100 kutoka shimoni. PGA Tour wenyewe, ligi ya wachezaji wa kulipwa ya Marekani, walianza mwaka 2011 kutumia njia yake ya kuhesabu mikwaju iliyookolewa, wakianzia kwenye grini. Na hao wenye mishahara, wakiwa futi 8 kutoka shimoni wanaingiza kama nusu tu. Kwa hiyo ukikosa futi 8 usijilaumu, jilaumu kwa kuufikisha mpira futi 8 badala ya 4.

bi_grini

Utafiti huo ni wa watu wanaozungusha kiuno, kaka. Huko draiva inamtupa mtu msituni kwa sababu mwili hautabiriki. Kwenye kipimo, mkwaju wa kwanza ndio rahisi kuliko yote: nguvu ni kamili, unabaki na kazi ya alama tu. Nguvu ya nusu na ya robo ndiyo ngumu, na grini nzima ni nguvu za robo. Sisemi theluthi mbili ni uongo. Nasema usiihamishe nyumba bila kuangalia kama inaingia kwenye kiwanja.

takwimu_tu

Hoja hiyo naipokea. Basi ahesabu mwenyewe, tusimgawie majibu.

kipanya_cha_waya

Kabla ya yote hayo angalieni kifaa. Skrini ikionyesha picha 60 kwa sekunde, kila picha hukaa karibu milisekunde 17. Kompyuta ikilemewa zikashuka hadi 30, kila moja inakaa 33, na mstari unaanza kuruka badala ya kuteleza. Hapo unabonyeza kwa kubahatisha. Funga kurasa nyingine zote, tumia kipanya cha waya ukiwa nacho, na kama unachezea kwenye televisheni washa hali ya gemu ili ipunguze uchelewaji. Mimi nilidhani nimezeeka, kumbe video ilikuwa inapakuliwa nyuma.

sindano

Wa Golf Clash, ile gemu ya gofu ya simu, tupo. Kwetu hesabu ya fimbo ni tofauti kabisa, wasitudanganye: fimbo zinapanda kwa kadi za kwenye masanduku, na upepo tunausahihisha kwa kuhamisha lengo kwa kuhesabu duara zake. Mkisare, mnapelekwa kwenye mkwaju wa kuamua, anayekaribia shimo ndiye mshindi. Huko kucheza mechi ndiyo njia ya kupata masanduku, kwa hiyo nipe_mechi anasema kweli kwa upande wetu.

mkwaju_wa_pili

Nimerudi baada ya wiki tatu. Nilichagua uwanja mmoja, raundi 10 za mashimo 9, na kila mkwaju niliopoteza bure nikaandika umepotelea wapi. Nilikuwa na uhakika tatizo ni draiva.

Jumla 40. Mkwaju wa kwanza 4. Kuingia grini 13. Mchangani 5. Kwenye grini 18. Nimeona aibu kidogo. Takwimu_tu, hizo 13 zako zipo, sijazificha.

bi_grini

Hizo 18, mpira ulipita au ulifia njiani?

mkwaju_wa_pili

14 ulifia njiani. Na kati ya hizo 14, 11 nilikuwa napandisha mlima. Nilikuwa naongeza, lakini kwa macho tu.

bi_grini

Acha macho. Gemu inakuandikia inchi za kupanda. Mimi huanza na futi 1 ya ziada kwa kila inchi 1, grini ikiwa ya kasi ya kati, kisha narekebisha. Futi 12 na kupanda inchi 5, piga kama 17. Ikiwa grini ni ya polepole ongeza tena kidogo. Andika wiki moja.

fimbo_saba

Una fimbo ipi ya grini? Ile ya kuanzia?

mkwaju_wa_pili

Ile ile ya kwanza niliyopewa bure. Kipimo chake kinaruka kutoka umbali mfupi hadi mrefu, kwa hiyo futi 17 inaniangukia mwanzoni kabisa mwa mstari, pembamba hata siioni vizuri.

fimbo_saba

Haya, sasa nunua. Nilikuambia usianze na fimbo, sikukuambia usinunue kabisa. Tafuta ya grini yenye vipimo vingi vya umbali, ili futi 17 ikuangukie katikati ya mstari. Draiva iache ilipo, mikwaju 4 kwa raundi 10 haina kesi.

mkwaju_wa_pili

Draiva nilikuwa nimeshaiweka kwenye kikapu. Naitoa.

nipe_mechi

Ukishaizoea hiyo fimbo ya grini nitafute, mashimo 9. Daftari liache nyumbani.

mkwaju_wa_pili

Nakuja nalo.