PS4 iliyotumika, Xbox Series S au kompyuta ya mtumba: nichukue ipi?

KijanaWaMoro
Wakuu, habari za jioni. Nimejichanga, na mwisho wa mwezi nataka kununua kitu cha kuchezea gemu nyumbani. Nimebakiwa na chaguo tatu: PS4 Slim iliyotumika, Xbox Series S, au kompyuta ya mezani ya mtumba niiwekee grafiki kadi. Ipi itanifaa kwa muda mrefu? Naombeni ushauri.

fundi_feni
Mkuu, bajeti? Unacheza gemu gani? TV unayo? Intaneti yako ni bando la simu au faiba? Bila hayo kila mtu atakutajia anachokipenda yeye.

Nahodha_10
PS4 tu, usijichoshe. Kibanda cha gemu karibu chochote utakachoingia hapa nchini kina PS, kwa hiyo vidole vyako vizoee pedi hiyo hiyo. Halafu kuna diski. Gemu ukiichoka unaiuza au unabadilishana na jirani. Series S haina hata pa kuchomeka diski.

mzee_wa_stimu
Kompyuta. Mchana unafanya kazi za chuo, usiku unacheza. Na kwenye Steam, lile duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, kucheza na watu mtandaoni hulipii chochote, wakati PS gemu nyingi za kununua zinadai PS Plus, usajili wa kulipia.

Nahodha_10
Lakini za bure hazidai. eFootball, gemu ya mpira, ni bure tangu 2021, na huhitaji PS Plus kuicheza mtandaoni.

KijanaWaMoro
Samahani wakuu, nilisahau. Nina laki saba. TV ipo, inchi 32. Natumia bando la simu. Nacheza mpira zaidi na GTA V. Wadogo zangu wawili pia watacheza.

fundi_feni
Bando la simu! Basi Series S iondoe kabisa, hata kama ungeipata kwa hela hiyo. Imeandikwa GB 512 lakini nafasi ya kuweka gemu ni kama GB 364, na kila kitu lazima ukishushe. GTA V peke yake inakaribia GB 100. Piga hesabu ya vocha.

Kompyuta nayo uwe makini. Zile kompyuta za Dell Optiplex ndogo za ofisini zilizojaa madukani zina pawa saplai dhaifu, na haina waya wa ziada wa kulisha kadi. Ndiyo maana mafundi wengi wanaweka GTX 1050 Ti: inakula wati 75, na zote inazipata kwenye sloti yenyewe. Ila lazima iwe ile ya kimo kifupi (low profile), vinginevyo kava halifungi. Ukiuziwa RX 580, kadi inayodai waya huo wa ziada, kwa ajili ya kasha hilo, umeuziwa kitu kisichowaka. Angalia na prosesa. Intel iliyo chini ya kizazi cha 8 haikubaliwi rasmi na Windows 11, na msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025.

mzee_wa_stimu
Weka Linux. Tangu Steam walete Proton, programu ya kuendeshea gemu za Windows kwenye Linux, mwaka 2018, nyingi zinacheza humo vizuri.

fundi_feni
Nyingi, siyo zote. Amesema anacheza mpira, na EA Sports FC za sasa haziwaki kwenye Linux kwa sababu ya programu yao ya kuzuia udanganyifu mchezoni. Kijana atalaumu bure.

MamaPacha
Mdogo wangu, chochote utakachochukua, usinunue gemu za akaunti ya mtu. Hili nakuomba kabisa.

Mwaka juzi niliwachukulia wanangu PS4. Muuzaji akaniambia diski zimepitwa na wakati, kwa elfu themanini atanijazia gemu nane. Akaingiza akaunti yake, akaifanya mashine yetu kuwa ya msingi kwenye akaunti hiyo, watoto wakawa wanacheza kwa majina yao. Nikamshukuru na nauli juu.

Wiki ya saba, Jumamosi asubuhi, mwanangu ananiita sebuleni. Nakuta pembeni ya picha ya kila gemu pana kufuli kadogo. Ukibonyeza, haifunguki. Nazima, nawasha, kufuli liko pale pale. Nikampigia muuzaji, hapatikani, na mpaka leo hapatikani. Kijana wa jirani ndiye aliyenieleza: akaunti moja inakuwa na PS4 moja tu ya msingi, na mwenyewe anaweza kuziondoa mashine zote kupitia mtandao, mara moja kila miezi sita. Kwa hiyo anakuuzia wewe, kisha anakuondoa na kumuuzia mwingine. Gemu zenyewe zilikuwa bado zimejaa kwenye mashine, GB mia tatu na ushee, na hakuna hata moja tuliyoweza kucheza. Kulwa alikuwa amefika msimu wa nne na timu yake, alilia mpaka akakataa chai.

Kilichobaki ni diski moja ya mpira niliyoinunua kwa elfu ishirini na tano. Mpaka leo wanaicheza.

Nahodha_10
Pole sana dada. Ndiyo maana nasisitiza diski. Diski iko mkononi mwako, hakuna mtu wa kukufungia akiwa kwake.

mzee_wa_stimu
Nunua kwa akaunti yako mwenyewe. Steam ikiwa na punguzo, gemu nzuri unaipata kwa bei ya chakula cha mchana.

fundi_feni
Ni kweli, ila hata akaunti za Steam zipo za kushea zinazouzwa Telegram, na mwisho wake ni ule ule.

pwani_moja
Wakuu, kama ni mpira mbona mnahangaika? PES 2013. Laptopu yenye RAM ya GB 4 inaibeba, haili bando, na wadogo zako wanachomeka pedi mbili wanacheza. Tangu hapo sijaona mpira wenye ladha ile. Ukishika L2 pasi inakwenda unakoielekeza wewe, siyo inakotaka kompyuta.

Nahodha_10
Gemu ya 2012 hiyo ndugu yangu. Wachezaji wake wengi ni makocha siku hizi.

pwani_moja
Kuna patchi za wachezaji wapya, watu bado wanazitengeneza. Na eFootball unayoisifia, unakumbuka ilivyotoka Septemba 2021? Sura za wachezaji zilitisha, na huko Steam watu waliiponda karibu wote.

Nahodha_10
Imerekebishwa sana. Icheze leo ndiyo uhukumu.

mzee_wa_stimu
Turudi kwa mleta mada. Kasema muda mrefu, na GTA VI imetangazwa kwa PS5 na Xbox Series tu. PS4 haimo.

Nahodha_10
Hata hiyo Optiplex yako haimo mkuu.

KijanaWaMoro
Nawashukuru wote. Kuna PS4 Slim nimeiona hapa mjini, Jumamosi naenda kuikagua. Laki tano na nusu, pedi mbili, na jamaa anasema ina gemu kumi ndani.

fundi_feni
Nenda na diski ya kuazima, icheze nusu saa ukisikiliza feni. Tikisa waya wa HDMI uone kama picha inakatika. Achia analogi za pedi zote mbili, uangalie kama mchezaji anatembea mwenyewe.

MamaPacha
Hizo gemu kumi ni diski au ni za akaunti?

KijanaWaMoro
Sijamuuliza dada. Ngoja nimpigie.

pwani_moja
Nahodha, uko Dar? Njoo Temeke Jumapili na pedi yako, tucheze PES 2013 mechi tano.