Vitabu vya kuchekesha vya watoto kuhusu kazi

Mama Neema: Wakubwa, shikamooni. Natafuta vitabu vya Kiswahili vya kuchekesha kuhusu kazi, vya mtoto wa darasa la kwanza. Vingi ninavyoviona ni daktari, rubani na mwalimu tu, wamekaa kama picha za kitambulisho. Na kazi zenu za kwanza zilikuwa zipi? Nimsimulie.

Konda Mstaafu: Marahaba. Nilianza deiwaka, yaani konda wa kushikia kwa siku, kwenye daladala ya Mwenge–Posta, Dar es Salaam. Noti unazikunja kwa urefu, unazibana katikati ya vidole. Sarafu unazichezesha kiganjani, abiria ajue nauli inadaiwa. Ukigonga bodi, suka, yaani dereva, anaondoa gari. Siku moja kuna mzee alipanda na jogoo. Kila nikitaja kituo, anawika! Gari zima likawa linamwitikia. Kitabu cha mtoto kianzie hapo. Hesabu ya bosi, yaani pesa ya siku ya mwenye gari, ikitimia, kinachobaki ndicho chenu. Pesa yangu ya kwanza nilimnunulia mama khanga.

Msomaji wa Tanga: Mama Neema, ingia African Storybook kwenye intaneti. Hadithi za Kiswahili zipo, unasoma na kuchapisha bure, hata kutunga yako unaruhusiwa. Konda, andika ya jogoo!

Mama Neema: Asanteni sana. Konda, mwanangu anauliza: jogoo alilipiwa nauli?

Konda Mstaafu: Mwambie alipakatwa, hakulipa.