Mholanzi, Mpoland, Mskoti: kwa Kiingereza wanaitwaje? Naomba msaada kabla ya usaili

Mgumu_wa_Machame
Wakuu, habari za jioni. Nipo Moshi, nimebeba mizigo mlimani muda mrefu, sasa nimeitwa kwenye usaili wa mwongoza watalii msaidizi. Kiingereza cha njiani ninacho, ila uraia wa wageni unanichanganya. German na Italian sina shida. Lakini Mholanzi jina lake halifanani kabisa na nchi yake! Kwetu unaweka M au Wa, kazi imeisha. Kuna kanuni, au ni kukariri tu? Mtu katoka kwao mbali hivyo, nataka nimtaje kwa heshima.

Dada_Pasua
Kaka, kanuni moja haipo. Mtu wa Denmark ni Dane, lugha na vitu vyao ni Danish. Sweden: Swede, Swedish. Poland: Pole, Polish. Hilo Pole linaandikwa kama "pole pole" yetu ya mlimani ila linatamkwa "poul", kuwa makini ukisoma orodha ya wageni getini. Ukibabaika uliza "Are you Polish?", inatosha. Kwenye wingi, German inaongeza s; Swiss na zinazoishia -ese haziongezi. Na usiseme "a Chinese" kwa mtu mmoja, wengi wanaona si adabu. Sema "Chinese guest".

Dereva_Kijenge
Dada kamaliza mengi. Mimi nawaendesha wageni huku Arusha, na kwangu zito ni Waingereza. Kiswahili kinawaweka wote kapu moja, ndiyo maana tunateleza. Wa Scotland ni Scottish, wa Wales ni Welsh, usiwaite English hata kidogo. English ni wa England tu. British inawabeba wote, ingawa wa Ireland ya Kaskazini wengine hujiita Irish, kwa hiyo msikilize mwenyewe anavyojitaja. Scotch iache kwenye wiski.
Mholanzi ni Dutch, nchi ni the Netherlands. Holland ni majimbo mawili tu kati ya 12.

Mgumu_wa_Machame
Asanteni sana, naandika yote daftarini. Na wa Niger na Nigeria?

Dada_Pasua
Nigeria ni Nigerian, Niger ni Nigerien, yenye e. Wa Botswana ndio watakufurahisha: mmoja Motswana, wengi Batswana, hata kwenye Kiingereza. Hao utawashika leo leo. Usaili mwema, kaka.