MREJESHO: Modeli yangu ya mafuriko Msimbazi imekubali

Wakuu nimerudi. Kwa ambao hawakuniona mwanzo, niliuliza kwa nini modeli yangu ya HEC-RAS (programu ya kompyuta ya kukokotoa mwendo wa maji mtoni) ya mto Msimbazi inaonyesha maji Jangwani yanaishia magotini wakati kila mtu Dar anajua pale hata mabasi yanakwama.

Makosa yalikuwa mawili na yote mlinitajia. Kwanza namba ya Manning, yaani ukwaru wa njia unaopunguza kasi ya maji na kuyapandisha, nilibandika 0.03 bonde zima kama vile ni mfereji msafi, kumbe kwenye matete na nyumba lazima ipande, nikaweka 0.08. Pili nilisahau bahari kabisa, bahari ikijaa kule Selander, mto unapoingia baharini, mto hauna pa kumwaga. Nikaenda Jangwani na futikamba, mzee mmoja akanionyesha alama ya tope ukutani kwake, juu kidogo ya swichi ya taa, sentimita 140 toka sakafuni. Modeli sasa inatoa 131. Siku hiyo nililala usingizi wa kweli.

Upande wa kujenga, yule aliyesema tuta peke yake halifai namuomba radhi maana nilimbishia sana. Nimeweka tuta upande mmoja, maji yakahamia kwa watu wa ng'ambo. Kunyanyua daraja na kupanua mkondo ndo kunashusha maji vizuri, ila mchanga unaoshuka toka juu unajaza tena, kwahiyo inabidi kuwe na mabwawa ya kunasa mchanga na hela ya kuchimba kila mwaka. Hiyo ya kila mwaka ndo napambana nayo sasa hivi kwenye makadirio.