Bosi kaniuliza kama kwetu tunahesabu siku kwa kuangalia mwezi!!!

Wakuu, naandika nikiwa kwenye maegesho ya ofisi hapa Houston, maana nikirudi ndani leo nitamrukia mtu. Mlio kwenye mabomba ya gesi mnamjua. Yule yule. Simtaji, ila mnamjua.

Chumba kimejaa, kikao cha asubuhi, ananikazia macho: "Kwani huko kwenu mnahesabu siku kwa kuangalia mwezi?" Watu wakacheka! Hadi yule wa stoo ambaye hajacheka tangu bomba la kwanza lifukiwe duniani!

Sikieni. Mvua imekula udongo chini ya bomba karibu na barabara, bomba likabaki linaning'inia. Mkaguzi kaliona Alhamisi tarehe 11 Juni. Injinia kathibitisha Jumanne tarehe 16 kwamba ni hali ya hatari ya kuripotiwa PHMSA, wale wa serikali ya Marekani wanaosimamia usalama wa mabomba. Kanuni yao ya 191.25 inasema ripoti iwafikie ndani ya siku 5 za kazi BAADA ya siku ya kuthibitisha, na isizidi siku 10 za kazi baada ya siku ya kugundua. Jumamosi, Jumapili na sikukuu za serikali ya shirikisho hazimo. Imeandikwa! Kwa hiyo Jumatano ni ya kwanza, Alhamisi ya pili. Ijumaa tarehe 19 ni Juneteenth, sikukuu ya shirikisho, ruka. Jumatatu ya 3, leo Jumanne ya 4, kesho tarehe 24 ndiyo mwisho. Zile siku 10 zinaishia tarehe 26, lakini ya 24 inatangulia, ndiyo inayoshika.

Yeye kaanza kuhesabu na ile Jumanne yenyewe, Ijumaa ya sikukuu kaihesabu nayo, kaangukia jana. Anaigonga kalenda ya ukutani, kidole gumba kimefunika yale maandishi mekundu ya Juneteenth! Namwambia inua kidole mzee, inua kidole. Ndipo akaniuliza la mwezi.

Na kinachouma zaidi: mafundi wanamaliza kulirekebisha leo jioni. Tatizo la aina hii likirekebishwa kabla ya tarehe ya mwisho, ripoti haihitajiki KABISA. Yeye kalazimisha itumwe leo, na ndani yake kaandika tumechelewa. Tumechelewa nini??? Kuangalia mwezi! Mimi!

Kibega cha Chuma: Pole mkuu. Ila kusema kweli kwetu mwezi tunauangalia, na kila Idi tunagombana umeandama wapi 😂😂

Mleta mada: Usinichekeshe, nina hasira. Hapa tunaongelea siku za kazi.

Binti Tanga: Mleta uzi unalia na siku 5? Ajali ya kweli ikitokea, ukishathibitisha tu una saa moja kupiga simu. Saa moja! Halafu ndani ya saa 48 unapiga tena kuthibitisha au kurekebisha ulichosema. Mimi ndiye wa zamu ya usiku, mniulize.

Mleta mada: Dada, hiyo ni saa ya ukutani, haina mjadala. Na ripoti ya maandishi ya ajali ni siku 30, wikiendi zimo, kwa sababu hawakuandika "za kazi". Wanapotaka za kazi wanaandika. Huyu bwana hasomi! Kidole gumba, wakuu, kidole gumba!

Mzee wa Kongwe: Kijana, umeandika uzi mzima kuhusu kidole.

Fundi Valvu: Sisi wa mabomba ya mafuta ripoti ya mwaka ni tarehe 15 Juni, wa gesi 15 Machi. Bosi wangu huikumbuka tarehe 14 saa kumi na moja jioni, na kila mwaka anashangaa upya. Afadhali wako anahesabu, hata kama vibaya.

Mkazi wa Mbezi: Hamjakutana na mwenye nyumba wangu. Kodi ya miezi 6 nimelipa tarehe 20, yeye anahesabu kuanzia tarehe 1 ya mwezi huo huo. Nikamuuliza zile siku 19 nililala wapi? Akasema "hayo ni yako".

Binti Tanga: Wa kwangu alihesabu na siku niliyokuja kuangalia chumba!!

Kibega cha Chuma: Hao wana kalenda zao. Wangu Februari anaiita mwezi mzima, ikifika siku ya kunirudishia pango anasema una siku 28 tu.

Mleta mada: Jamani, turudi kwenye mada. Kaniuliza kuhusu MWEZI.

Mzee wa Kongwe: Mkazi wa Mbezi, hicho chumba kina luku yake peke yake au mnachangia?

Mkazi wa Mbezi: Tunachangia mzee, watano. Na mmoja ana friji mbili.

Fundi Valvu: Friji mbili za nini?